Mahali pa kutua mzigo

Wiki hii tuzungumze kuhusu kazi ambayo wengi wetu tunaianza kabla jua halijatoka: kupandisha mzigo kwenye ngazi.

Bukavu ni mji wa vilima. Maji ya ziwa Kivu yako karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo nyumba zetu zinapanda tu: Nyamugo, Nkafu, Cimpunda, Panzi, Bagira. Gari linafika mahali fulani, motari naye anafika mbele kidogo, halafu barabara inakwisha na eskalye zinaanza. Kuna ngazi za simenti, kuna ngazi za udongo zilizochongwa kwa jembe, kuna zile za mifuko ya mchanga na matairi ya zamani. Kuanzia hapo, kila kitu kinachoingia nyumbani kinaingia kwa nguvu ya mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mama. Bidoni ya maji, saki ya makala, unga wa muhogo, mchanga wa kujengea, godoro, hata mgonjwa.

Ndugu zetu wa Goma wana chukudu. Inabeba kazi nyingi sana kule, hata wakaijengea sanamu mjini. Kwetu chukudu haiwezi kupanda eskalye za Cimpunda. Kwetu chukudu ni mgongo wa mama.

Tumezoea kuambiwa, “Mama, usibebe vizito.” Ni ushauri mwema, lakini hauleti maji nyumbani wala hauwashi moto. Basi leo hatutasema usibebe. Tutatazama ni saa gani hasa mwili unaumia, na ni nini tunaweza kubadilisha sisi wenyewe, katika avenyi zetu, kwa mikono yetu. Hoja yetu ni moja: mama anayepanda ngazi na mzigo anahitaji mahali pa kuutua, na mahali hapo pawe usawa wa kiuno chake, si chini ardhini.

Chini na kiunoni

Kule Uingereza, ofisi ya serikali inayosimamia usalama wa wafanyakazi imetoa vipimo vya kusaidia watu kukadiria mizigo ya kuinua kwa mikono. Kwa mwanamke, mzigo ulio usawa wa kiuno na ulioshikwa karibu na mwili unakadiriwa kilo 16. Mzigo huohuo ukishikwa mikono ikiwa imenyooshwa mbele, kipimo kinashuka hadi kilo 10. Ukiwa chini karibu na miguu, hata kama uko karibu na mwili, kipimo ni kilo 7 tu. Na ukiwa chini halafu mbali na mwili, ni kilo 3.

Tusome tena hesabu hiyo polepole. Mama ni yuleyule, nguvu ni zilezile. Kiunoni kilo 16, chini kilo 7. Maana yake kule kuinama tu kunapunguza zaidi ya nusu ya uzito ambao mwili unaweza kuuinua kwa usalama.

Sasa tupime bidoni yetu. Maji ndiyo mizani ya maskini: lita moja ni kilo moja. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20, na plastiki yake juu. Mama anayeiinua kutoka ardhini, miguu imenyooka na mgongo umeinama, amevuka kipimo kile karibu mara tatu kabla hajapanda ngazi hata moja. Halafu akichoka katikati ya njia anaitua chini, anapumua, na anaiinua tena kutoka chini. Akipumzika mara mbili, ameinua mara tatu. Ndiyo sababu mama wengi wanasema, “Heri nisipumzike, nifike moja kwa moja.” Wanajua kwamba kuinua upya kunauma kuliko kutembea. Wanajua vizuri. Lakini kwenda moja kwa moja nako kuna gharama yake: magoti yanatetemeka, pumzi inakatika, na mguu uliochoka ndio unaoteleza.

Kwa nini kuinama kunagharimu hivyo? Chukua ufagio wenye mti mrefu. Ushike katikati, ni mwepesi. Ushike kwenye ncha na uunyooshe mbele yako, mkono unachoka mara moja, na ufagio haujaongezeka hata gramu. Mgongo wetu ni hivyohivyo. Mzigo ukiwa mbali na kiuno, misuli midogo ya chini ya mgongo inavuta kwa nguvu nyingi kuliko uzito wa mzigo wenyewe, na vile visahani laini vilivyo kati ya pingili vinabanwa. Mzigo ukisogea karibu na tumbo, mvuto huo unapungua sana.

Wamama wa Kenya waliwashangaza wataalamu

Mwaka 1986, jarida la sayansi linaloitwa Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya juu ya wanawake wanaobeba mizigo. Walikuwa wanawake wa Kiluo, wanaobeba kichwani, na wanawake wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, kama wamama wengi wa kwetu wanaotoka Kabare na Walungu wanavyobeba. Wataalamu walipima hewa waliyovuta ili kujua nguvu inayotumika. Waliona jambo ambalo hawakulitegemea: mpaka mzigo wa asilimia 20 ya uzito wa mwili, wanawake hao walitembea bila kutumia nguvu zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Mzigo ukizidi hapo ndipo gharama ilianza kupanda.

Basi tujivunie. Mama wa kilo 50 anaweza kutembea na kilo 10 karibu bure. Wa kilo 60, kilo 12. Wa kilo 70, kilo 14. Ni ufundi uliojengwa tangu utoto katika shingo, mgongo na hatua.

Lakini tuangalie sharti lake. Wanawake wale walikuwa wanatembea mahali tambarare. Kutembea tambarare ni kama bembea: hatua moja inairushia nyingine nguvu yake, na wamama waliozoea wanaitumia bembea hiyo vizuri kuliko mtu yeyote. Kwenye ngazi hakuna bembea. Kila hatua ni kuinua upya, mwili pamoja na mzigo. Kwa hiyo ile kilo 12 ya bure ya barabarani si ya bure tena kwenye eskalye. Ufundi wetu unafika mpaka mguu wa kilima, na kutoka hapo tunahitaji msaada mwingine.

Waswahili wana methali: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Inatoka katika zama za misafara, karne ya 19, wakati Wanyamwezi walisifika kama wapagazi kutoka bara hadi pwani. Hao walikuwa wanaume wenye nguvu, na kazi yao ilikuwa hiyo. Mzigo wao wa kawaida ulikuwa kama kilo 27 hadi 32. Leo katika mji wetu tunaona mama amebeba saki inayokaribia uzito wake mwenyewe, na mtu anapita pembeni anasema, “Amezoea.” Kuna methali nyingine ya kumjibu mtu huyo: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Jiwe la Wahindi, mti wa Wanepali

Sisi si watu wa kwanza kuishi vilimani na mizigo. Kusini mwa India, katika nchi ya Watamil, kando ya njia za zamani kuna mawe matatu: mawili yamesimamishwa, la tatu limelazwa juu yake kama benchi refu. Mchukuzi alifika pale na mzigo kichwani, akausogeza taratibu juu ya jiwe bila kuinama na bila kumwita mtu amsaidie. Alipumua, akanywa maji, kisha akaingia tena chini ya mzigo wake na kuendelea. Mawe mengi ya namna hiyo yalijengwa na familia kwa kumbukumbu ya mwanamke aliyefariki akiwa mjamzito. Hakuweza kuutua mzigo wake, basi walimjengea mahali ambapo wengine wataweza kutua wa kwao.

Nepal nako, katika milima mirefu kuliko yetu, wapagazi wanabeba kwa kamba ya kipaji cha uso kama wamama wetu. Kando ya njia zao kuna majukwaa ya mawe chini ya miti yenye kivuli, yenye kimo cha kumwezesha mtu aegemeze mzigo akiwa bado amesimama. Tena mpagazi anatembea na fimbo fupi yenye umbo la T. Akichoka mahali pasipo na jukwaa, anaisimamisha fimbo nyuma yake, mzigo unaikalia, naye anapumua. Wanakwenda polepole sana, wanapumzika mara nyingi sana, na wanafika.

Watu hawa hawajui kwetu, lakini walitambua jambo moja: mpumziko usiokulazimisha kuinama ndio mpumziko wa kweli.

Jukwaa la avenyi yetu

Je, kwetu haiwezekani? Inahitaji mawe machache na simenti kidogo, au nguzo nne za mkaratusi na mbao mbili, au mifuko ya mchanga iliyopangwa vizuri. Ni kazi ya salongo moja, ikiwa kikundi kimeandaa vifaa mapema.

Tunapendekeza vituo vitatu kwa kila ngazi ndefu: kimoja chini pale motari anaposhusha, kimoja katikati, kimoja juu. Kila kituo kiwe na vimo viwili. Kimo cha kwanza ni cha kiuno, kwa mzigo wa mgongoni na bidoni ya mkononi. Kimo cha pili ni cha bega, kwa mzigo wa kichwani, ili mama ausogeze pembeni bila kuinama. Msichukue kipimo kwa mita. Wasimamisheni wamama watatu wa kikundi, mfupi, wa kati na mrefu, na mpime kwenye miili yao; mkishindwa kukubaliana, mfuateni yule mfupi.

Kijengeni upande wa ukuta, si upande wa bonde. Kisizibe njia ya watu, wala mtaro wa maji ya mvua, maana maji yakikosa njia yatapita kwenye ngazi na kuzila. Muulizeni mwenye parsele na shefu wa avenyi kabla ya kuchimba. Kabla ya kukitumia, wekeni juu yake saki mbili nzito zilale usiku mzima. Kikisimama asubuhi, kimekubali.

Na tukiwa tumeshika majembe, tutazame ngazi zenyewe. Ngazi mbaya si lazima iwe ile iliyo juu sana. Mara nyingi ni ile moja isiyolingana na wenzake. Mguu unajifunza kimo cha ngazi tatu za kwanza na unaacha kuangalia. Ikija moja fupi au ndefu, mtu anajikwaa. Sawazisheni. Kutoka Septemba hadi Mei udongo wetu unateleza kama sabuni, basi mwagieni changarawe au mchanga mahali pa kukanyaga. Mti mmoja wa kushikilia, uliofungwa imara upande mmoja kutoka chini hadi juu, unaokoa magoti ya mama wazee na mimba za mama vijana.

Kugawa mzigo, bila kudanganyana

Wengine watasema, “Kwa nini asibebe kidogokidogo?” Tufanye hesabu. Chukua ngazi 60, kila moja sentimita 18: ni karibu mita 11 kwenda juu. Mama wa kilo 60 akipanda na bidoni ya lita 20, ameinua kilo 80. Akigawa, akapanda mara mbili na lita 10 kila safari, ameinua kilo 70 mara mbili, yaani 140, na muda wake umekwenda mara mbili. Kwa hiyo kugawa mzigo kunachosha miguu zaidi. Tuseme hivyo wazi, maana wamama wanalijua na ndiyo sababu hawafanyi.

Faida yake iko kwingine. Katika safari zote mbili mgongo haukushika kilo 20 hata mara moja, na uchovu wa miguu unaisha ukilala, lakini mgongo ulioumia unaweza kukaa nawe miezi. Kwa hiyo gawa pale unapoweza. Saki ya kilo 50 isipande nzima. Ifungue pale chini, igawe katika mifuko mitano ya kilo 10. Simenti ipande kwa beseni. Mbili au tatu ya mifuko hiyo anaweza kuichukua baba, au kijana anayerudi shuleni. Kijana wa kiume hana shingo tofauti na ya dada yake.

Njia iliyo bora kuliko zote ni kupokezana. Mkiwa wamama watatu wenye ngazi moja, kila mmoja achukue sehemu yake: wa kwanza kutoka chini hadi kituo cha katikati, wa pili kutoka katikati hadi juu, wa tatu anapokea na kupanga. Mzigo unaachwa juu ya jukwaa na kuchukuliwa juu ya jukwaa. Hakuna anayeinama, hakuna anayepanda kilima chote. Kwa ngazi fupi, kama 15, wamama watano waliosimama wanaweza kupitisha bidoni ndogo mkono kwa mkono. Hapo mwili haupandi kabisa, mzigo peke yake ndio unaopanda. Angalieni jambo moja tu: geukeni kwa miguu, si kwa kusokota kiuno.

Kupanda na kushuka

Kuinua. Ikibidi kuinua kutoka chini, usiuinamie mzigo. Sogea mpaka uguse, tanguliza mguu mmoja mbele, kunja magoti, uvutie mzigo kwenye paja, kisha simama kwa nguvu ya mapaja. Mzigo wa kichwani, twishaneni wawili, mkihesabu pamoja. Usijitwike peke yako kama kuna mtu anapita, muite, “Mama, nitwishe.” Si aibu.

Kupanda. Kanyaga kwa wayo wote, si kwa vidole. Toa pumzi unaposukuma kwenda juu. Ukibana pumzi, nguvu yote inasukuma chini tumboni, juu ya kizazi na kibofu. Pumzika kabla hujachoka, kila ngazi 15 au 20, hata kwa pumzi tano tu. Kipimo ni mazungumzo: ukishindwa kumaliza sentensi moja bila kukata, simama.

Kushuka. Wengi wanaanguka wakati wa kushuka, kwa sababu goti linafanya kazi ya breki na macho hayaoni mguu. Shuka upande upande ikiwa mzigo ni mkubwa, na mkono mmoja uwe huru kwa kushikilia. Ikiwa goti moja linauma, kumbuka hivi: mguu mzima hutangulia kupanda, mguu mgonjwa hutangulia kushuka. Viatu viwe vimefungwa nyuma ya kisigino.

Kichwani au mgongoni? Kwenye tambarare, kichwa na ngata nzuri ni sawa kwa mzigo mwepesi. Kwenye ngazi, mzigo wa mgongoni ulio karibu na mwili una usalama zaidi, maana unaona miguu yako na mikono iko huru. Kamba ikipita kwenye paji la uso peke yake, shingo inabeba kila kitu. Ongeza kikwembe kipana kinachopita juu ya mabega na kufungwa kifuani, kama tunavyowafunga watoto, ili mabega nayo yachangie.

Watu wawili na kitu kikubwa. Meza, kabati, godoro: mrefu na mwenye nguvu akae chini, mwingine juu. Mmoja tu ndiye atoe amri. Mkiongea wawili, kitu kinaanguka.

Mjamzito, mzazi na mtoto wa mgongoni

Mwaka 1967, Shirika la Kazi la Kimataifa lilikubaliana juu ya mizigo ya kubebwa na wafanyakazi. Lilisema mzigo wa mwanamke uwe mdogo kabisa kuliko wa mwanamume. Likapendekeza pia kwamba mwanamke mjamzito, na aliyejifungua mpaka wiki 10, asipewe kazi ya kubeba ikiwa munganga anaona inaweza kumdhuru yeye au mtoto. Wiki 10 ni zaidi ya miezi miwili. Kwetu wengine wanarudi kwenye bidoni wiki ya pili.

Ndiyo sababu jambo hili si la mtu mmoja. Mama aliyejifungua hawezi kusema “sibebi” ikiwa hakuna atakayembebea. Kikundi kinaweza. Kama tunavyochangiana likelemba kwa pesa, tuchangiane maji: kila mwanachama ampelekee mzazi bidoni moja ndogo kwa siku yake. Wanachama 10 ni siku 10, kisha mzunguko unaanza tena mpaka wiki 10 ziishe.

Na tukumbuke kuhesabu mtoto. Mtoto wa kilo 9 mgongoni na bidoni ya kilo 20 kichwani ni kilo 29, na ukianguka mnaanguka wawili. Mtoto abaki na mtu, hata pale kwenye jukwaa la chini.

Kuna dalili za kutofichwa. Maumivu yanayoshuka kutoka kiuno hadi mguuni na ganzi. Kuhisi uzito chini kama kitu kinataka kutoka. Hiyo inaweza kuwa kizazi kinashuka. Mkojo unaotoka ukikohoa au ukiinua. Mjamzito anayeona damu, au mtu yeyote anayepoteza hisia kati ya mapaja au kushindwa kuzuia haja, aende siku hiyohiyo. Kizazi kushuka ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na unatibika. Kituo cha afya cha kartye kitakuelekeza, na hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 hapa kwetu, inajulikana kwa kuwatibu wanawake wenye shida za namna hiyo. Kukandwa kwa nguvu na kuvutwa mgongo nyumbani kunaweza kuongeza madhara.

Ukiwa wewe ndiye unayelipa

Tumalize na neno gumu kidogo. Baadhi yetu tunabeba ili tuishi. Wengine wetu, siku tukiwa na pesa, tunakodisha mama mwingine pale Muhanzi au soko la Kadutu atubebee. Siku hiyo wewe ndiye mkubwa wa kazi, na mgongo wake uko mikononi mwako.

Mama anayelipwa kwa safari ataweka kila kitu kichwani mara moja, kwa sababu safari ya pili hailipwi, au analipwa nusu. Hapo ndipo mzigo wa kilo 30 unageuka 60. Mlipe kwa kilo, si kwa safari. Mwambie mapema: “Gawa mara mbili, pesa ni ileile.” Ukiona tumbo lake limekua, mtafutie mzigo mwepesi badala ya kumfukuza, maana ukimfukuza atabeba mzito wa mtu mwingine. Na ukifika juu ya ngazi, mpokee mzigo. Usimwache akuombe.

Wiki hii, kila kikundi kifanye mambo matatu. Hesabuni ngazi za avenyi yenu kutoka barabarani hadi nyumba ya mwisho. Tafuteni mahali ambapo wamama wanasimama kupumua. Mtapaona, maana pamelainika kwa kukanyagwa. Kisha panga salongo moja, na hapohapo mjenge mahali pa kutua.